Mwenyeji ni Nani? Historia ya Ushirikiano wa Vyuo Vikuu vya Meksiko na Nchi za Nje

Utangulizi

Katika nchi zetu changa imekuwa desturi kwamba habari za mkataba baina ya chuo kikuu cha nyumbani na chuo kikuu cha ng'ambo hupokewa kwa makofi. Wakuu wa vyuo hupeana mikono, picha hupigwa, na wananchi huambiwa kwamba sasa vijana wao watapata nafasi za kusoma nje. Swali moja haliulizwi mara nyingi: katika ushirikiano huo, mwenyeji ni nani? Kwa neno mwenyeji hatuna maana ya yule ambaye majengo yamesimama katika ardhi yake. Tuna maana ya yule anayeamua nini kisomwe, nani asome, na elimu itakayopatikana imtumikie nani.

Suala la vyuo vikuu kubadilishana wanafunzi na walimu ni suala la siasa kabla ya kuwa suala la taaluma. Elimu haielei hewani. Kila mfumo wa uchumi hujitengenezea elimu ya kuulinda na kuuendeleza, na kila tabaka linaloshika dola hutaka wasomi wa kulisemea. Kwa hiyo mwanafunzi anapovuka mpaka havuki peke yake. Anavuka pamoja na mahusiano ya kiuchumi yaliyopo kati ya nchi anayotoka na nchi anayokwenda.

Katika makala hii tutaichambua historia ya Meksiko, kwa sababu tatu. Kwanza, Meksiko ilitawaliwa na Hispania kwa miaka 300, kuanzia 1521 hadi 1821, na mwaka 1910 ikaanza mapinduzi makubwa ya wakulima, miaka 7 kabla ya mapinduzi ya Urusi. Pili, inapakana na dola kuu la kibeberu la zama zetu kwa mpaka wenye urefu wa zaidi ya kilometa 3,000. Tatu, kuanzia 1929 hadi 2000 ilitawaliwa mfululizo na chama kimoja, kilichobadilisha jina mara mbili lakini hakikuacha kujiita chama cha mapinduzi. Mafanikio na makosa ya chama hicho yanawahusu makada wa chama chochote kinachoshika dola.

Hoja yetu ni hii: ushirikiano na vyuo vya nje umewafaa wananchi wa Meksiko pale tu ambapo taifa lilikwisha kujijengea chombo chake na kujiwekea lengo lake kabla ya kufungua mlango. Palipokosekana chombo au lengo, mlango huohuo uligeuka kuwa mfereji wa kutolea mali na akili.

Chuo cha mfalme na mama watatu wa ubatizo

Tarehe 21 Septemba 1551 ilitolewa amri ya kifalme ya kuanzisha chuo kikuu katika jiji la Meksiko, na masomo yakaanza mwaka 1553. Kanuni zake zilifuata mfano wa chuo kikuu cha Salamanca, Hispania. Amri ilitaja wenyeji pamoja na watoto wa Wahispania, lakini kwa vitendo madawati yalijazwa na watoto wa watawala na wenye mashamba. Lugha za wenyeji nazo zilifundishwa baadaye katika karne hiyohiyo, ila shabaha yake ilikuwa kuwawezesha mapadri kuhubiri na kuungamisha. Hata kujifunza lugha ya mtu, basi, kunaweza kuwa njia ya kumtawala. Huo ndio uliokuwa ushirikiano wa kwanza wa elimu ya juu kati ya Meksiko na ng'ambo: upande mmoja ulitoa amri, wa pili ukatii.

Baada ya uhuru wa 1821 chuo hicho kilifungwa na kufunguliwa mara kadhaa, kwa kuwa wapenda mageuzi walikiona kuwa ngome ya kanisa na wahafidhina. Kilifungwa kwa mara ya kwanza mwaka 1833, na mwaka 1865, wakati wa Maximilian, mfalme aliyewekwa na majeshi ya Ufaransa, kikafungwa moja kwa moja.

Chuo Kikuu cha Taifa kilizinduliwa tarehe 22 Septemba 1910, katika sherehe za miaka 100 tangu vita vya uhuru kuanza. Mwasisi wake alikuwa Justo Sierra, waziri wa elimu katika serikali ya dikteta Porfirio Díaz. Katika uzinduzi huo vyuo vikuu vitatu vilialikwa viwe kama mama wa ubatizo wa mtoto aliyezaliwa: Salamanca, Paris na California. Uchaguzi huo unaeleza mengi kuliko hotuba. Salamanca ni mkoloni wa zamani. Paris ni chimbuko la falsafa iliyotumiwa na wasomi wa Díaz kuuhalalisha utawala wake kwa jina la sayansi. California ni sehemu ya nchi iliyokuwa ya Meksiko yenyewe hadi 1848, ilipochukuliwa na Marekani kwa vita.

Wakati mabalozi wakishangilia, zaidi ya theluthi mbili ya wananchi wa Meksiko hawakujua kusoma wala kuandika, na vijiji vingi vilikuwa vimenyang'anywa ardhi na mashamba makubwa. Haikupita hata miezi miwili, tarehe 20 Novemba 1910, mapinduzi yakaanza. Wageni wa heshima walishuhudia ubatizo, lakini waliokuwa wenye nyumba hawakualikwa.

Mapinduzi yageuza mwelekeo wa njia

Tofauti kati ya ushirikiano wa 1910 na ule wa miaka ya 1920 haiko katika wingi wa mikataba. Iko katika mwelekeo. José Vasconcelos, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Taifa tangu 1920 na kisha waziri wa elimu, hakuanza kwa kutafuta vyuo vya kuwapokea Wameksiko. Alianza kwa kampeni ya kufuta ujinga nyumbani, shule za vijijini na uchapaji wa vitabu vya bei nafuu. Ndipo akawaalika wageni. Mwaka 1922 mshairi wa Chile, Gabriela Mistral, alifika kusaidia kazi ya shule za vijijini na maktaba. Alikuja kufanya kazi iliyokwisha kuamuliwa na wenyeji.

Mwaka 1921 mambo mawili ya kukumbukwa yalitokea. La kwanza ni kuanzishwa kwa shule ya kiangazi ya wageni katika Chuo Kikuu cha Taifa, chini ya uongozi wa Pedro Henríquez Ureña, msomi kutoka Jamhuri ya Dominika. Walimu na wanafunzi wa Marekani walikuja kujifunza Kihispania, historia na sanaa za Meksiko. Kwa mara ya kwanza njia iligeuka: mtoto wa dola kubwa alikaa kwenye dawati, na mwana wa nchi maskini akasimama ubaoni. Shule hiyo ndiyo mzazi wa kituo cha chuo hicho kinachofundisha wageni hadi leo.

La pili ni mkutano wa kimataifa wa wanafunzi uliofanyika katika jiji la Meksiko mwaka huohuo, mwenyekiti wake akiwa Daniel Cosío Villegas. Wajumbe walikuja na moto wa mgomo wa Córdoba, Argentina, wa mwaka 1918, ambao ulidai wanafunzi washiriki katika kuongoza vyuo na vyuo viwatumikie wananchi. Tangu hapo Meksiko ikawa uwanja wa wanafunzi waliofukuzwa makwao. Víctor Raúl Haya de la Torre wa Peru alitangaza chama chake cha APRA katika jiji la Meksiko mwaka 1924. Julio Antonio Mella, kiongozi wa wanafunzi wa Kuba, alikimbilia huko na kuendelea na masomo ya sheria, mpaka alipouawa kwa risasi barabarani tarehe 10 Januari 1929. Huku nako ni kubadilishana wanafunzi, japo hakuna mkuu wa chuo aliyekutia sahihi.

Kilele cha kipindi hiki kilikuwa utawala wa Lázaro Cárdenas, 1934 hadi 1940. Mwaka 1936 ilianzishwa Taasisi ya Taifa ya Ufundi, IPN, ili watoto wa wafanyakazi na wakulima wapate uhandisi na sayansi. Mwaka huohuo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Taifa walianza kupelekwa vijijini kutoa huduma kabla ya kupewa shahada. Utaratibu huo baadaye ukawa wajibu wa kila mhitimu kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1938 mafuta ya petroli yakataifishwa, na wafanyakazi na mafundi wa Kimeksiko wakayaendesha baada ya wataalamu wa makampuni ya kigeni kuondoka.

Ni katika mwaka huohuo wa 1938 serikali ilipounda Nyumba ya Hispania, ili kuwapokea maprofesa waliokimbia vita vya Franco. Mwaka 1940 nyumba hiyo ikageuzwa kuwa El Colegio de México chini ya Alfonso Reyes. Mwanafalsafa José Gaos, aliyekuwa mkuu wa chuo kikuu cha Madrid, alifundisha hapo. Tazameni matunda yake. Mwanafunzi wake Leopoldo Zea alitumia zana alizopewa na mwalimu huyo kuichambua falsafa iliyoutumikia udikteta wa Díaz, akachapisha kazi yake mwaka 1943, na baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa falsafa ya Amerika ya Kilatini. Mkimbizi mwingine, Wenceslao Roces, aliitafsiri Das Kapital ya Marx kwa Kihispania, na tafsiri yake ikachapishwa Meksiko mwaka 1946 na kusomwa katika bara zima. Wageni walileta elimu, lakini chombo na lengo vilikuwa vya wenyeji.

Mbegu, fedha na vipimo vya jirani

Baada ya 1940 serikali ya Meksiko iliacha njia ya Cárdenas, ambaye alikuwa amegawa ardhi ipatayo hekta milioni 18, ikaanza kuwategemea wenye viwanda na wakulima wakubwa. Mabadiliko hayo ya kitabaka yalionekana upesi katika elimu ya juu.

Mwaka 1943 Mfuko wa Rockefeller, uliozaliwa na utajiri wa mafuta ya Marekani, uliingia mkataba na serikali kuanzisha ofisi ya utafiti ndani ya wizara ya kilimo. Mwaka uliofuata Norman Borlaug alifika kushughulikia ngano. Vijana wengi wa Kimeksiko walipata mafunzo ya vitendo katika ofisi hiyo, na wengine wakapelekwa vyuo vikuu vya Marekani kwa shahada za juu. Itakuwa upofu kukataa mafanikio yake: kufikia 1956 Meksiko ilijitosheleza kwa ngano. Lakini mtu afanyaye uchambuzi wa kimapinduzi haachi swali njiani. Ngano ya nani? Mbegu hizo zilidai maji ya mifereji, mbolea na fedha taslimu, na kwa hiyo zilistawi katika mashamba makubwa ya kaskazini-magharibi, hasa Sonora. Mkulima mdogo wa mahindi mwenye kutegemea mvua, ambaye ndiye aliyepigana vita vya mapinduzi, alibaki pembeni. Mapema mwaka 1941 mwanajiografia wa Berkeley, Carl Sauer, alikuwa ameuonya Mfuko huo kwamba kuhamishia Meksiko mbegu na mbinu za kibiashara za Marekani kungeharibu kilimo cha wenyeji. Onyo lake halikubadili mwelekeo.

Funzo hapa ni la msingi. Mtaalamu aliyesomeshwa kwa msaada huo hakuwa msaliti. Alirudi nyumbani na akafanya kazi kwa juhudi. Lakini swali alilofundishwa kuuliza lilikuwa "tuongezeje mavuno kwa hekta?", si "tuwalisheje wanakijiji kwa mikono yao wenyewe?" Anayelipia nafasi ya masomo mara nyingi hulipia pia swali.

Katika miaka hiyohiyo njia nyingine zilijengwa kuelekea kaskazini. Chuo cha Mexico City College, kilichoanzishwa 1940, kilipokea askari wa Marekani waliorudi vitani na kulipiwa masomo na serikali yao kwa sheria ya 1944. Taasisi ya Teknolojia ya Monterrey, iliyoanzishwa 1943 na wenye viwanda wakiongozwa na Eugenio Garza Sada, mwaka 1950 ilitambuliwa rasmi na chama cha vyuo vya kusini mwa Marekani. Mabepari wa Monterrey walijua walichotaka: shahada ya mtoto wao ipimwe kwa kipimo cha jirani.

Hata hivyo njia ya pili haikufa. Umoja wa Vyuo Vikuu vya Amerika ya Kilatini, uliozaliwa Guatemala mwaka 1949, uliweka makao yake katika jiji la Meksiko. Mwaka 1974 jijini humohumo nchi za eneo hilo, chini ya UNESCO, zilitia sahihi makubaliano ya kutambuliana masomo na shahada. Pablo González Casanova, aliyepata udaktari wake Paris mwaka 1950, hakurudi na nadharia za Paris kwenye sanduku. Alirudi akauliza kwa nini Wameksiko wenye asili ya kienyeji wanaendelea kunyonywa ndani ya taifa huru, na akaitumia dhana ya ukoloni wa ndani kulijibu swali hilo. Kwa hiyo kwenda ng'ambo si dhambi. Kinachopima safari ni swali analorudi nalo msafiri.

Mkono mmoja wapokea, mkono mwingine wapiga

Sasa tunafika mahali ambapo kada hapaswi kufumba macho. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa na wa IPN waliandamana kudai haki za kidemokrasia na kuachiwa kwa wafungwa wa kisiasa. Serikali ya Gustavo Díaz Ordaz ilidai kwamba vurugu zililetwa na wachochezi wa kigeni. Tarehe 18 Septemba jeshi liliteka eneo la chuo kikuu. Tarehe 2 Oktoba, siku 10 kabla ya kufunguliwa Michezo ya Olimpiki, wanafunzi na raia walipigwa risasi katika uwanja wa Tlatelolco. Waziri wa mambo ya ndani alikuwa Luis Echeverría.

Mtu huyohuyo akawa rais kuanzia 1970 hadi 1976. Chini yake, Desemba 1970, lilianzishwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, CONACYT, lililopeleka maelfu ya vijana kusoma nje kwa fedha za taifa. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Chile ya tarehe 11 Septemba 1973, serikali yake iliwapokea wasomi wa Chile, na baadaye wa Argentina na Uruguay. Kituo cha utafiti wa uchumi cha CIDE, kilichoanzishwa 1974, kilipata wengi wa walimu wake wa mwanzo miongoni mwa wakimbizi hao. Mbrazili Ruy Mauro Marini alifundisha katika Chuo Kikuu cha Taifa, na kitabu chake juu ya utegemezi kilichapishwa Meksiko mwaka 1973. Mwaka mmoja kabla yake, jijini Dar es Salaam, Tanzania Publishing House ilikuwa imeshiriki kuchapisha kitabu cha Walter Rodney juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Miji miwili iliyotengwa na bahari mbili ilikuwa ikilichambua tatizo moja.

Echeverría ndiye aliyeongoza kampeni ya Mkataba wa Haki na Wajibu wa Kiuchumi wa Mataifa, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 1974, na mwaka 1975 alizuru Tanzania katika safari yake ya nchi za Ulimwengu wa Tatu. El Colegio de México, ambacho kilikuwa na masomo ya nchi za mashariki tangu 1964, kilipanua kazi hiyo hadi Afrika, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zinazofundishwa huko.

Je, tuseme nini juu ya chama cha namna hii? Kiliwapa wakimbizi wa nchi nyingine majukwaa ambayo kilikuwa kimewanyima watoto wake. Wengine husema ukarimu ule ulikuwa unafiki mtupu. Sisi hatukubali, kwa sababu matunda yake yalikuwa ya kweli. Lakini wale wanaousifu bila kutaja Tlatelolco nao wanadanganya. Ukweli ni kwamba chama kilichokuwa kimekatika kutoka kwa wananchi kilitafuta nje heshima kiliyoipoteza ndani. Mshikamano wa kimataifa ni wajibu wa chama cha kimapinduzi. Ukitumiwa kuwa pazia la kufunika mgogoro wa nyumbani, hauwezi kudumu. Na haukudumu.

Deni na soko

Agosti 1982 Meksiko ilitangaza kwamba haiwezi kulipa deni lake la nje, lililofikia dola za Marekani bilioni 80 hivi. Thamani ya peso ilianguka. Mwanafunzi aliye ng'ambo hulipiwa kwa dola; kila peso ilivyoanguka, gharama ya kumsomesha ilipanda. Mishahara ya maprofesa wa nyumbani iliporomoka kiasi kwamba mwaka 1984 serikali ilianzisha mfumo wa kuwaongezea watafiti malipo ili wasihame, na kuanzia 1991 CONACYT ikawa na mpango wa kuwarudisha waliokwisha kuondoka. Nchi iliyokwisha kulipa gharama ya kumsomesha mtaalamu ilibidi ilipe tena ili imrudishe.

Tarehe 1 Januari 1994 mkataba wa biashara huria wa Meksiko, Marekani na Kanada ulianza kazi, na siku hiyohiyo wakulima wenye asili ya kienyeji wa Chiapas wakashika silaha. Mwaka 1995 nchi hizo tatu zilianzisha mpango wa kubadilishana wanafunzi wa vyuo vikuu. Maneno yalikuwa matamu: nchi tatu, washirika sawa. Lakini someni vifungu. Mtaalamu wa Kanada aliruhusiwa kwenda kufanya kazi Marekani bila kikomo cha idadi. Wataalamu wa Meksiko waliwekewa kikomo cha 5,500 kwa mwaka, na kikomo hicho kiliondolewa 2004 tu. Bidhaa zilivuka kwa gari moshi, na msomi akapimwa kwa tundu la sindano.

Wananchi hawakukaa kimya. Aprili 1999 uongozi wa Chuo Kikuu cha Taifa ulipotaka kupandisha karo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya jina tu, wanafunzi waligoma hadi Februari 2000, polisi walipoingia na kuwakamata mamia. Mwaka huohuo chama kilichotawala tangu 1929 kilishindwa katika uchaguzi wa rais.

Kiliporudi madarakani kati ya 2012 na 2018, kilitangaza shabaha ya kupeleka wanafunzi 100,000 Marekani kufikia 2018, na kupokea Wamarekani 50,000. Sehemu kubwa ya nafasi zilizotolewa ilikuwa ya kozi fupi za Kiingereza za wiki chache. Wanafunzi wa Meksiko waliosajiliwa katika vyuo vya Marekani hawakufika 20,000 katika mwaka wowote wa muongo ule. Tarakimu kubwa ilitangazwa kwanza, lengo likatafutwa baadaye. Hata chombo chenyewe hakikutulia: CONACYT ilibadilishwa jina 2023, na tangu 2025 kazi zake zimo ndani ya wizara ya sayansi.

Mafunzo kwa makada

Nchi yetu inaifahamu njia hii. Chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilianza kwa kutoa shahada za London. Kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki 1963, na chuo kikuu cha taifa 1970. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza na wenzake ndipo aingie chuo kikuu. Mwalimu Nyerere alikwenda Cancún, Meksiko, Oktoba 1981, kuzitetea nchi maskini mbele ya wakuu wa nchi tajiri, na miezi 10 baadaye nchi mwenyeji wa mkutano ule ikaelemewa na deni. Kwa hiyo hatusomi historia ya watu wa mbali.

Kutokana na historia hiyo tunaona maswali manne ambayo kada anapaswa kuyauliza kila mkataba wa chuo kikuu unapoletwa mezani. La kwanza: swali la utafiti limewekwa na nani? Ofisi ya 1943 ilikuwa ndani ya wizara ya Meksiko, lakini swali lilitoka New York. La pili: mhitimu akirudi atakuta chombo gani cha kumpokea? Zea alikuwa na El Colegio; msomi wa 1982 alikuta mshahara usiomtosha. La tatu: ni tabaka gani linalosafiri? Kama anayejaza fomu ni mtoto wa mwenye nafasi tu, mkataba unazidisha tofauti za kitabaka kwa fedha za mkulima. La nne: je, na wao wanakuja kwetu kujifunza? Mwaka 1921 Meksiko, ikiwa bado na majeraha ya vita, ilithubutu kumfundisha jirani yake. Nchi yenye lugha inayosomwa El Colegio de México haina sababu ya kuwa na haya.

Hatusemi milango ifungwe. Nchi inayojifungia hudumaa, na aliyekimbia Madrid au Santiago akiwa na vitabu vyake ni neema kwa anayemfungulia. Tunasema kwamba kujitegemea hakuanzi kwa kukataa wageni. Kunaanza kwa kuwa na nyumba, na kujua tunataka kufanya nini ndani yake. Mgeni akiikuta nyumba imesimama, na wenyeji wako kazini, atapewa jembe naye. Akikuta kiwanja kitupu, atajenga yeye, na sisi tutakuja kubisha hodi.